Ngozi Isiyosahau

Leo tunaongea habari za ngozi inayowaka bila moto, na tuanzie harusini.

Kuanzia Lamu mpaka Kilwa, na Unguja ndiyo usiseme, bibi harusi hatolewi bila ya kuchorwa. Ipo hina nyekundu, ya majani ya mhina yaliyosagwa, na ipo piko, nyeusi tii, inayopendwa kwa sababu inakolea upesi na maua yake yanaonekana hata na aliyekaa mwisho wa ukumbi. Sasa chukulia mtu amechorwa Alhamisi usiku na harusi ni Jumamosi. Ijumaa jioni mikono inaanza kumwasha. Kufika Jumamosi asubuhi kila mstari wa lile ua umeinuka, umevimba, na juu yake yametuna malengelenge ya maji. Wakubwa wanatazamana. Mmoja anasema hili ni jicho la mtu. Mwingine anamkamia mchoraji kwamba piko yake mbovu. Bibi harusi mwenyewe haelewi, maana mwaka jana, kwenye harusi ya binamu yake, alichorwa na mchoraji huyohuyo kwa piko hiyohiyo, na hakutoka hata kipele.

Mwaka jana huo ndio uliomponza.

Piko, mara nyingi, ni unga wa rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilenediamini. Jina refu hilo. Wataalamu wenyewe wamelichoka, wanasema PPD, nasi tuwafuate. Molekuli ya PPD ni ndogo mno. Uzito wake ni daltoni 108, na ngozi ya mwanadamu, kwa kadiri, huruhusu kupenya vitu vyenye uzito usiozidi daltoni 500. Kwa hiyo inaingia bila kubisha hodi. Ikipata hewa inageuka kuwa kemikali nyingine zenye uchu wa kushikana na protini, na protini ndizo zilizojaa ngozini. Ikiwa peke yake, kinga ya mwili isingeiona kwa udogo wake. Ikishanasa kwenye protini, ile protini yako mwenyewe inapata sura mpya, na kinga inaitazama kama mgeni.

Katika tabaka la juu la ngozi mna seli zenye matawi marefu, zinaitwa seli za Langerhans. Kazi yake ni kuonja kila kinachopita. Seli hiyo ikimeza kile kipande cha protini iliyogeuka sura, inang'oka pale ilipo, inashuka kwa njia ya mishipa ya limfu hadi kwenye tezi. Ni tezi za aina ileile ambazo zikivimba kinenani tunaziita mtoki. Kwa mkono uliochorwa, ziko kwapani. Humo zimejaa seli T, na kila seli T imezaliwa ikiwa na uwezo wa kutambua umbo moja tu. Nyingi zinakiangalia kile kipande na kupita zao. Ikitokea iliyoumbwa kwa umbo hilo, inashika, inagawanyika, inagawanyika tena, na baada ya siku kumi hadi kumi na nne zimekuwa umati. Baadhi zinabaki mwilini kwa miaka mingi zikiwa seli za kumbukumbu. Wakati huo ua la mkononi limeshafifia, harusi ya binamu imeshasahaulika, na hakuna aliyehisi chochote.

Mwaka huu piko inapogusa ngozi, hakuna tena haja ya kusubiri wiki mbili. Seli za kumbukumbu zinakikuta kile zilichofundishwa kukitafuta, zinamwaga kemikali za kuitana, zinashambulia seli za ngozi zilizobeba PPD, maji yanajaa katikati ya seli na kuzitenganisha, na malengelenge yanatoka. Kazi yote hiyo inachukua kati ya saa 24 na 72. Ndiyo maana mtu anachorwa Alhamisi na kuumwa Ijumaa jioni. Na ndiyo maana pia anakuwa na muda wa kutosha wa kukilaumu kitu kingine, pweza aliyemla mchana, sabuni mpya, au jirani.

Niongeze jambo hapa kwa wale wanaokimbilia vidonge vya mzio, vile vinavyoleta usingizi. Vidonge hivyo vinazuia histamini, na histamini ndiyo mwendeshaji wa mzio wa haraka, ule wa mtu kula karanga na midomo kuvimba palepale. Huu wa piko ni mzio wa polepole, unaoendeshwa na seli T, na histamini haina kazi kubwa humo. Utalala vizuri, ndiyo. Mkono utaendelea.

Hina nyekundu ni habari nyingine. Rangi yake ya asili ni nadra sana kumletea mtu mzio wa namna hii. Barani Ulaya sheria inaruhusu PPD isiyozidi asilimia 2 katika rangi ya nywele inapopakwa kichwani, na hairuhusu kuchorea ngozi hata kidogo. Sampuli za piko, au hina nyeusi kama wanavyoiita watalii, zilizopimwa katika nchi mbalimbali zimekutwa na zaidi ya asilimia 10. Na aliyekwisha kuunguzwa mkono akiwa na miaka ishirini, akija kupaka rangi ya nywele akiwa na arubaini ili kuficha mvi, uso unaweza kuvimba mpaka macho yakafumba. Ngozi ya kichwani haikuwahi kuguswa na piko, lakini seli za kumbukumbu zinazunguka mwili mzima kwa damu.

Mambo haya yalijulikana kwa vipande vipande, na kwa kweli wengi waliovipata vipande hivyo walikuwa wakitafuta kitu kingine. Paul Langerhans, aliyezipa zile seli jina lake, alikuwa mwanafunzi wa udaktari Berlin mwaka 1868, na umri wake miaka 21. Alipaka ngozi rangi ya dhahabu, akaona seli zenye matawi, akaamini ni mishipa ya fahamu. Karne nzima ilipita kabla ya mtafiti Inga Silberberg kuonyesha, mwaka 1973, seli hizohizo zikiwa zimegusana na chembe nyeupe kwenye ngozi yenye mzio wa zebaki. Siku hizi tunajua pia kwamba hazifanyi kazi hiyo peke yake. Zipo jamaa zake chini kidogo, ndani ya ngozi, ambazo katika mizio mingine hubeba mzigo mkubwa zaidi.

Zebaki ilikuwa imeshatajwa zamani zaidi. Mwaka 1895 Josef Jadassohn, daktari wa ngozi wa Kijerumani, alikuwa na wagonjwa waliotokwa na ukurutu baada ya kutibiwa kwa dawa za zebaki. Alichukua zebaki kidogo, akaibandika kwenye kipande cha ngozi nzima, akasubiri. Ukurutu ukatoka palepale alipobandika. Kipimo hicho cha viraka kinatumika mpaka leo karibu vilevile: vitu vinavyoshukiwa vinabandikwa mgongoni, vinaachwa siku mbili, vinabanduliwa, na daktari anasoma mgongo siku hiyo na tena baada ya siku moja au mbili. Zebaki nayo haijatuacha. Bado inakamatwa ndani ya baadhi ya sabuni na krimu za kujichubua.

Kisha mwaka 1942, pale Taasisi ya Rockefeller mjini New York, Karl Landsteiner, mzee aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobel kwa kugundua makundi ya damu, akiwa na Merrill Chase, alichukua simbilisi wenye mzio wa kemikali fulani na kujaribu kuwahamishia mzio huo simbilisi wazima. Maji ya damu, yenye kingamwili, yalishindwa. Seli nyeupe zikaweza. Kwa miongo mingi wataalamu walikuwa wakiamini kwamba kinga yote ya maana imo ndani ya maji ya damu, na sasa simbilisi wanawaambia kwamba zipo kazi zinazofanywa na seli zenyewe kwa mikono yake. Hapo ndipo hesabu ya seli T ilipoanzia, ingawa jina hilo lilikuja baadaye.

Fundi ujenzi anaijua habari hii kwa njia yake. Anayechanganya saruji kwa mikono mitupu hupata madhara mawili ambayo kwa macho yanafanana. La kwanza ni la kuunguzwa tu: saruji mbichi ina ukali wa alkali kupita kiasi, inakula mafuta ya ngozi, inapasua vidole. Hilo linaweza kumpata yeyote, siku ya kwanza kazini, bila kumbukumbu yoyote. La pili ni mzio wa kromiamu, ile ya aina ya sita, ambayo imo kidogo sana ndani ya saruji. Fundi anaweza kufanya kazi miaka mingi salama, halafu siku moja seli zake T zinajifunza, na kuanzia hapo hata vumbi la saruji linamfukuza kazini. Kromiamu inatumika pia kulainisha ngozi za wanyama, kwa hiyo anaacha ujenzi, anavaa viatu vya ngozi, na miguu nayo inaanza.

Hili lina dawa, tena rahisi. Denmark, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliamua saruji iongezwe chumvi ya chuma kiwandani. Chumvi hiyo inaigeuza kromiamu kuwa aina isiyopenya ngozi kwa urahisi. Mizio ya saruji kwa mafundi ikapungua. Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2005, kiwango kisizidi sehemu mbili kwa milioni moja. Mimi huwa nashangaa kwamba tunaweza kukesha tukijadili bei ya mfuko wa saruji na tusiulize hata mara moja kilichomo ndani ya mfuko.

Nikeli naipitia haraka: hereni, saa, kifungo cha suruali ya jinsi kinachoacha doa la ukurutu chini ya kitovu. Kinachosisimua ni kwamba, mwaka 2010, watafiti walionyesha kuwa nikeli inagusa moja kwa moja kipokezi cha kinga ambacho kazi yake ya siku zote ni kunusa bakteria. Panya hawana sehemu ile ya kipokezi inayonasa nikeli, na ndiyo maana walikuwa wakiwasumbua watafiti kwa kukataa kupata mzio ambao binadamu wanaupata kwa hereni tu.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi, na hapa nitakaa zaidi.

Mgonjwa wa soriasisi hajapaka kitu. Anaulizwa umepaka nini, umekula nini, umekanyaga nini, naye hana jibu. Mabaka yamemtoka kwenye viwiko, magoti, kiunoni na kichwani, mazito, yana mipaka inayoeleweka, juu yake magamba meupe yanayodondoka akivua shati. Vitabu vingi vinasema mabaka hayo ni mekundu. Vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu rangi huwa ya zambarau iliyokolea, au kahawia yenye majivu, na daktari kijana anayetafuta wekundu atamwandikia mgonjwa dawa ya fangasi na kumrudisha nyumbani.

Ugonjwa huu hauambukizi. Narudia kwa ajili ya yule anayehama kiti kwenye daladala: hauambukizi kwa kushikana mikono, kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa kunyolewa na kinyozi mmoja. Kuchanganywa kwake na ukoma ni kosa la kale. Ulaya yenyewe iliwaweka wagonjwa wa magonjwa haya mawili kwenye fungu moja kwa karne nyingi, hadi Ferdinand von Hebra alipoyatenganisha kule Vienna mwaka 1841. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio rasmi kwamba soriasisi ni ugonjwa sugu usioambukiza, na kwamba unyanyapaa ni sehemu ya mateso yake.

Ngozi ya kawaida hujijenga upya kwa muda wa kama mwezi mmoja. Seli inazaliwa chini, inapanda, inakomaa, inapoteza kiini chake, inafika juu ikiwa kijigamba chembamba ambacho hata hukioni kikidondoka. Kwenye soriasisi safari ya mwezi inakatwa kwa siku tatu mpaka tano. Ni kama mfyatua tofali aliyesukumwa na mteja: anatoa tofali tanurini halijaiva na kulipanga hivyohivyo. Seli zinafika juu zikiwa bado na viini, zimegandana, na huo ndio unene na ndiyo magamba.

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kosa liko kwenye seli ya ngozi yenyewe, kwamba imepoteza breki. Dawa walizotafuta zilikuwa za kupunguza kasi ya seli kugawanyika. Kisha mwaka 1979, mjini Basel, Mueller na Herrmann walikuwa wakijaribu dawa ya siklosporini kwa wagonjwa wa viungo. Siklosporini inatokana na kuvu aliyechukuliwa kwenye udongo wa Norway, na sifa yake ni kuzituliza seli T ili mwili usikatae figo iliyopandikizwa. Baadhi ya wagonjwa hao wa viungo walikuwa na soriasisi. Ngozi zao zikasafika. Hakuna aliyekuwa ameitibu ngozi.

Ushahidi mwingine ulitoka kwenye uboho. Wapo watu wenye soriasisi waliopandikizwa uboho kwa ajili ya saratani ya damu, wakapona magonjwa yote mawili. Na wapo waliokuwa wazima, wakapewa uboho wa mwenye soriasisi, wakaanza kutoka magamba. Ngozi ni yao ileile. Kilichobadilishwa ni chembe za damu tu.

Basi ni nini kinachotokea humo ndani? Ngozi inapoumia, au mwili unapopata maambukizi, seli za ngozi hutoa protini ndogo ya kuua vijidudu iitwayo LL-37. Kwa kawaida vipande vya DNA vinavyomwagika kutoka kwenye seli zetu zinazokufa havimshtui mtu, kinga inavipuuza. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba LL-37 inaweza kuvifunga vipande hivyo na kuviingiza ndani ya seli za tahadhari, ambazo hudhani zimepata DNA ya virusi. Zinapiga mbiu. Seli nyingine zinaitikia kwa kutoa ujumbe wa kikemikali unaoitwa intaleukini 23. Ujumbe huo unazilea seli T za kundi moja maalumu, nazo zinatoa intaleukini 17. Intaleukini 17 inaziambia seli za ngozi mambo matatu kwa pamoja: ongezekeni, iteni chembe nyeupe, tengenezeni LL-37 zaidi. LL-37 zaidi, na tumerudi mwanzo. Ukiitazama kila seli peke yake, inafanya kazi iliyofundishwa. Kosa ni kwamba duara limefunga, na hakuna anayeamua kusimama.

Wanaopata ni baadhi yetu tu, na urithi una sehemu yake. Aina moja ya jeni iitwayo HLA-C, yenye namba 06:02, ndiyo inayotajwa zaidi. Kwa vijana na watoto, cheche mara nyingi inatoka kooni. Mtoto anapata mafindofindo ya bakteria aina ya streptokoki, anapona, na baada ya wiki mbili au tatu mwili mzima unatapakaa vipele vidogo vyenye magamba. Seli T zilizofundishwa kooni kuitambua bakteria zinafika kwenye ngozi na kuona kitu kinachofanana nayo.

Nilisema bibi harusi anakumbuka kemikali. Soriasisi inakumbuka mahali. Mgonjwa yeyote atakwambia: baka la kiwiko likiondoka kwa dawa, siku likirudi linarudi kiwiko kilekile, karibu mipaka ileile. Sababu yake ni seli T za kumbukumbu ambazo hazizunguki. Zimehamia ngozini moja kwa moja na kubaki hapo hata ngozi ikionekana safi. Mwaka 2004 watafiti walichukua ngozi safi ya watu wenye soriasisi wakaipandikiza kwa panya wasio na kinga ya maana, na soriasisi ikachipuka kwenye ngozi ile bila kuongezewa seli yoyote kutoka kwa mgonjwa. Zilikuwa humo tayari. Na zamani zaidi, mwaka 1872, Heinrich Koebner wa Breslau alikuwa ameshaeleza jinsi mgonjwa anayechubuka, anayechanjwa chale au kung'atwa na mnyama anavyoota soriasisi juu ya jeraha. Anayejikuna magamba mpaka damu, kwa nia njema ya kujisafisha, anaupanda ugonjwa kwa kucha.

Zile intaleukini nazo zina kisa chake. Katika miaka ya 1990 wengi waliamini mkosaji mkuu ni intaleukini 12, na kingamwili ya kuizuia ikatengenezwa. Mwaka 2000 ikagunduliwa intaleukini 23, na ikaonekana kwamba hizi mbili zina kipande kimoja cha pamoja, kilekile kilichokuwa kikilengwa. Dawa iliyokusudiwa kwa namba 12 ilikuwa inamzuia namba 23 bila kujua! Dawa hiyo, ustekinumabu, ilipewa ruhusa Ulaya na Marekani mwaka 2009. Mwaka 2015 ikaja ya kuzuia intaleukini 17 yenyewe, na mwaka 2017 ya kuzuia namba 23 peke yake. Watu waliokuwa na magamba miaka ishirini walivaa mikono mifupi.

Kwetu dawa hizi bei yake ni ya kuogofya, lakini hata zikishuka bei, lipo jambo la kuangalia kwanza. Dawa za kundi la mwanzo kabisa za namna hii zilizuia ujumbe mwingine, unaoitwa TNF. Mwaka 2001 ikaripotiwa kwamba waliopewa walikuwa wanaibukiwa na kifua kikuu kilichokuwa kimelala. TNF ndiyo inayoushikilia ule uzio wa seli unaomfungia kimelea wa kifua kikuu kwenye pafu. Ukiiondoa, uzio unabomoka. Katika nchi zetu, ambako watu wengi wana kifua kikuu kilicholala bila kujua, hakuna daktari wa kuchoma sindano hiyo kabla ya kupima. Wanaotumia dawa za kuzuia intaleukini 17 nao hupata zaidi fangasi ya mdomoni, ule utando mweupe. Hiyo inatueleza intaleukini 17 iliwekwa mwilini kwa kazi gani: kulinda mpaka dhidi ya fangasi.

VVU vinaleta fumbo ambalo wanafunzi wa udaktari hulipenda. Virusi hivi vinaua seli T. Soriasisi ni ugonjwa wa seli T. Mtu angetarajia mwenye VVU apate nafuu ya soriasisi. Inatokea kinyume: inazuka kwa ukali, wakati mwingine kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo. Seli T si za aina moja; VVU vinaziua zile za usaidizi, ambazo ndani yake zimo pia zinazotuliza nyingine, na zinazobaki zinafanya vurugu. Akianza dawa za kufubaza virusi, ngozi nayo mara nyingi hutulia.

Nimefika kwenye tyubu. Kila duka la dawa, kuanzia mjini mpaka kijijini, lina krimu ya mchanganyiko: steroidi kali, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria, zote ndani ya tyubu moja, inatolewa kwa kila anayesema anawashwa. Nina ugomvi nayo. Steroidi inanyamazisha kinga yote ya pale ilipopakwa, haichagui. Kwa hiyo bibi harusi atapata nafuu, fundi atapata nafuu, mwenye soriasisi atapata nafuu, hata mwenye mapunye atapata nafuu ya mwasho huku fangasi akinenepa chini yake. Nafuu ya wiki moja inawafanya wote wanne waonekane na ugonjwa mmoja. Fundi anaendelea kushika saruji. Mwenye soriasisi anapaka mwili mzima kwa miezi, ngozi inakonda, inapasuka michirizi, na siku akiacha ghafla ugonjwa unarudi kwa nguvu kuliko ulipoanza, pengine na vipele vya usaha na homa, na hapo si suala la urembo tena, ni la kulazwa. Steroidi ni dawa nzuri mkononi mwa anayejua anatibu nini.

Vitu vya bei nafuu vipo. Mwanga wa jua, mionzi yake ya urujuanimno, unazipunguza seli T za ngozini, na hospitali zenye taa maalumu hutumia kipande kidogo tu cha mionzi hiyo, nanomita 311. Methotreksati ni kidonge cha zamani na cha bei ya kufikika, lakini kinamezwa mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku! Watu wamepoteza maisha kwa kukosea hapo, kwa hiyo anayeandikiwa aombe aandikiwe na jina la siku yenyewe, Jumatatu au Ijumaa, juu ya pakiti. Na mwenye soriasisi anayeamka vidole vimekaza au kisigino kinauma aseme, maana baadhi yao duara lilelile linahamia kwenye viungo na kuvila.

Wataalamu nao wapo. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, kinachofundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, na waliohitimu hapo wametawanyika hadi hospitali za wilaya. Ukienda kumwona mtaalamu wa ngozi, chukua ulivyonavyo: paketi ya rangi ya nywele, kipande cha glovu, kiatu, na ile tyubu uliyokuwa unapaka, hata kama unaona aibu. Na ukipangiwa kipimo cha viraka, mgongo uache kuupaka steroidi angalau wiki nzima kabla. Ukiupaka, zile seli za kumbukumbu zitakuwa zimenyamazishwa, viraka havitaonyesha kitu, na utarudi nyumbani umeandikiwa kwamba huna mzio wa kitu kinachokuunguza kila siku.